Nati za Upande wa Kulia

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya shamba la chai, huku Boito, sikupewa spana. Nilipewa ndoo ya mafuta ya taa, brashi, na nati za magurudumu ya lori mbili zilizokuwa zimeingia kufanyiwa breki. Niliambiwa nizisafishe na nisizichanganye. Kufikia saa nne nilikuwa nimezisafisha zote vizuri sana na kuziweka zote katika karai moja.

Fundi mkuu aliitwa Mzee Kirui. Wakati huo hakuwa mzee, lakini watu walimwita hivyo kwa sababu ya jinsi alivyosimama akiwa na hasira: mikono nyuma, kimya, kama mtu anayesubiri ibada ianze. Alichungulia ndani ya karai.

“Weri, hizi ni za wapi?”

Weri kwa Kipsigis ni mvulana. Aliniita hivyo siku ile na aliendelea kuniita hivyo hata nilipoota mvi.

“Za lori, Mzee.”

“Lori iko na pande mbili. Wewe uko na mikono mbili. Mungu alikuwa anakuonyesha kitu, hukuona.”

Nilitumia mchana wote nikijaribu nati moja moja kwenye bolti mbili, moja ya kila upande, alizozibana mezani. Katika lori zetu za zamani, nati za magurudumu ya kushoto zilikazwa kwa kugeuza kushoto, na za kulia kwa kugeuza kulia. Kushoto ni kushoto, kulia ni kulia. Nililala nayo, nikaamka nayo, na miaka yote niliyofanya kazi katika gereji ile sikuwahi tena kuchanganya nati ya lori.

Mmeniomba niwaandikie yale ninayoyajua kabla hamjachukua kazi ya ukaguzi wa magari uwanjani. Mimi si msomi. Baba alitoka upande wa Kisii kuja kuchuma chai, nikazaliwa katika laini, zile nyumba za safu za wachumaji, nikaacha shule kidato cha pili. Mengine niliyasoma mwenyewe, kwenye vitabu vya magari vyenye madoa ya grisi, kamusi ikiwa kando. Kitabu cha ufundi kina faida moja juu ya mwalimu: hakichoki ukirudia ukurasa uleule mara arobaini. Ubaya wake ni kwamba hakikuoni unapokosea.

Magari yenyewe mnayajua. Mameneja wa kizungu walipoondoka waliacha vitu vya ajabu, na mojawapo ni yale magari madogo ya Kiingereza ya viti viwili, yasiyo na paa, yenye magurudumu ya spoku kama baiskeli. Kwa miaka mingi yalikaa chini ya magunia, kuku wakitagia kwenye viti. Karani mmoja wa mizani ya chai alipata mojawapo, jekundu, na watu wa laini wakaliita Kiberiti kwa sababu lilikuwa dogo, jekundu, na lilikuwa na tabia ya kuwaka likiguswa na kutowaka likihitajika. Karani alipofariki, gari lilimwendea binti yake, Madam Chelangat, mwalimu wa hisabati, ambaye sasa amestaafu na anafuga ng'ombe wa maziwa nje ya Sotik.

Ni Madam na wenzake wachache walioanzisha mashindano. Mwanzoni yalikuwa mchezo wa Jumamosi tu. Waliazima malisho, ng'ombe wakahamishwa asubuhi, na njia ikachorwa kwenye majani kwa vikapu vya kuchumia chai vilivyogeuzwa juu chini. Gari moja huondoka peke yake, huzunguka vikapu kwa mpangilio uliokubaliwa, saa ikihesabu; ukiangusha kikapu unaongezewa sekunde tano. Hakuna anayegongana na mwenzake. Watu wa nje hudhani kwa hiyo hakuna hatari. Hao hawajawahi kuona gari lisilo na paa likikata kona juu ya majani mabichi ambayo ng'ombe wamelala usiku kucha na kuacha walichoacha.

Nilianza ukaguzi kwa sababu Mzee Kirui alikataa kuufanya peke yake. “Mimi najua kuangalia,” alisema. “Wewe unajua kuandika. Twende.” Kwa hiyo fomu mnayoitumia nimeiandika mimi, lakini kila mstari wake ulitoka mdomoni mwake. Gari liinuliwe kwa jeki. Shika gurudumu juu na chini, tikisa. Gonga kila spoku kwa kijiko cha chai: iliyokazwa inalia, iliyolegea inakohoa. Kanyaga breki, hesabu hadi kumi, uone kama kanyagio linazama. Mwisho, gonga ile nati kubwa ya katikati ya kila gurudumu, yenye masikio mawili, kwa nyundo ya shaba. Nyundo ya chuma itaikaza vilevile, lakini itakula masikio, na nati hizo haziuzwi tena popote ninapopajua.

Kesi nyingi hazikuwa ngumu. Mfanyabiashara mmoja wa Sotik alikuja na tangi la petroli lililozibwa kwa gunzi la mahindi. Alishangaa sana nilipokataa. Alisema ni gunzi la msimu huu. Pasta mmoja alikuja na gari ambalo kanyagio lake la breki lilishuka hadi sakafuni bila upinzani wowote.

“Hii gari haijawahi kuniangusha,” Pasta aliniambia.

“Haijawahi kusimama pia, Pasta.”

“Mimi husimama na gia.”

“Na siku gia ikikataa?”

Alifikiri. “Ombati, wewe una imani ndogo.”

Nilimwandikia kwamba amekataliwa, na jambo hilo likasomwa kwenye kipaza sauti. Desturi hii ya kusoma ndiyo ninayotaka kuwaeleza vizuri, maana nasikia wengine wenu mnataka kuiondoa.

Mzee Kirui ndiye aliyeileta, katika mkutano wa kwanza kabisa. Wenye magari walipendekeza kwamba gari likikataliwa, litajwe gari na kosa lake, basi. Mzee alisimama. Alisema gari halikosei, mtu ndiye hukosea, na ukisoma kosa bila mtu, kila fundi aliyekaa hapo atafikiri ni mambo ya mwingine. Alitaka lisomwe gari, kosa, na jina la fundi aliyelifunga. Watu walinung'unika. Alisema pia kwamba fundi aliyesomwa apewe chai na chakula kama wengine, na asichekwe. Hilo la pili ndilo lililowashawishi. Tangu hapo tumesoma majina mengi. Wachache walinuna, mmoja alihama kabisa, lakini hakuna gunzi jingine lililokuja uwanjani.

Miaka ikaenda. Mzee alistaafu kabla yangu, akarudi kwake Kaplong. Macho yake yakaanza kuweka ukungu. Kazi za gereji zikaisha mikononi mwake polepole, kama kawaida: mtu mmoja anaacha kukuletea gari, halafu wa pili, na hakuna anayekuambia kwa nini. Alikuwa anakaa verandani akinoa mapanga ya majirani.

Msimu mmoja, beringi za magurudumu ya mbele ya Kiberiti zikaanza kunguruma. Badala ya kuniletea mimi, Madam Chelangat alilipeleka kwa Mzee. Alinipigia simu kunieleza, kana kwamba mimi ningekasirika.

“Yeye ndiye alifungua hiyo gari mara ya kwanza baba akiwa hai,” alisema. “Nataka afunge mwenyewe. Usiende kumwangalia, Ombati. Wacha afanye.”

Sikwenda. Mzee alifanya kazi hiyo kwa wiki mbili. Kubadilisha beringi, lazima utoe habu, ile sehemu ambayo gurudumu huvaa. Kwa hiyo kuna siku ambapo habu zote mbili za mbele, ya kushoto na ya kulia, zilikaa mezani pamoja na nati zake, na zinafanana kabisa kwa mtu asiyeona vizuri nyuzi zake, ile mikato ya kuzunguka inayoshika nati.

Jumamosi ya mashindano, Mzee alikuja na ukoo mzima. Binti zake wawili, wakwe, wajukuu, na mabenchi mawili ya watu wa kanisa lake. Alivaa koti la suti na kofia. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya gari baada ya muda mrefu, na walitaka kuiona ikikimbia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kamba, mikono juu ya fimbo, akinisalimu kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

“Weri, umeona hiyo kazi?”

“Nakuja kuiona, Mzee.”

Kiberiti lilikuwa gari la tatu nililokagua asubuhi ile. Niliinua gari kwa jeki. Nilitikisa magurudumu: imara, hakuna mchezo hata kidogo, beringi zimekaa kama zilivyotoka kiwandani. Spoku zote zililia. Breki safi. Kwenye kila nati ya mbele Mzee alikuwa amechora mstari mweupe wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye habu, kama alivyofanya siku zote gereji. Mstari ukikatika, unajua nati imesogea. Ulikuwa umenyooka. Niliutazama mstari ule, nikamtazama Mzee kwenye kiti chake, nikaandika kwamba nati ziko sawa, nikatia sahihi.

Sikuzigonga. Nimekagua magari mia kadhaa na hayo ndiyo magurudumu mawili pekee ambayo sikuyagonga.

Madam aliondoka kwa mzunguko wa kuzoea uwanja, ambao hauhesabiwi. Kiberiti lilikwenda vizuri. Binti za Mzee walipiga makofi. Madam aliporudi mstarini, alikuwa wa nne kwenye foleni ya mzunguko unaohesabiwa. Nina mazoea ya kupita kwenye foleni nikitazama magurudumu, ndipo nikaona mstari mweupe wa gurudumu la mbele la kulia umekatika. Nati ilikuwa imesogea upana wa kidole.

Nilidhani haikukazwa vya kutosha. Nilichukua nyundo ya shaba nikaigonga kuikaza, kama mkono unavyojua: sikio la juu, kuelekea nyuma ya gari. Nati ililegea. Niligonga tena, ikalegea zaidi, kwa urahisi, hadi ningeweza kuimaliza kwa vidole.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo kitabu kilinifundisha na lori haikunifundisha. Katika magari haya madogo utaratibu ni kinyume cha lori zetu. Nati za upande wa kulia zina nyuzi za kushoto, yaani hukazwa kwa kugeuza kushoto, na za upande wa kushoto zina nyuzi za kulia. Sababu ni kwamba gurudumu la spoku huvaa nati moja tu, na linapozunguka linaisugua ile nati na kuisogeza kidogo kidogo kinyume na mwendo. Kila moja ikiwa upande wake, kila mita unayokwenda inazikaza. Ukizibadilisha, kila mita inazifungua. Kwenye nati mpya kuna mshale unaokuonyesha upande wa kufungulia. Kwenye za Kiberiti mshale ulikuwa umesagwa na nyundo za watu miaka mingi kabla yetu.

Mzee alikuwa ameweka habu ya kushoto kulia, na ya kulia kushoto. Ni fundi wa lori tu angekosea vile, na angekosea kwa uangalifu mkubwa. Macho yalipokataa kumwonyesha nyuzi, alizipapasa kwa vidole, akapata ile ya nyuzi za kushoto, akaiweka kushoto.

Magari matatu yalibaki mbele ya Madam. Kona ya kwanza baada ya kuondoka inapinda kushoto, kwenye mteremko, na uzito wote unalalia gurudumu lile la kulia.

Niliinama dirishani, kama tunaweza kuliita dirisha. “Madam, zima.”

Alizima. Nilimweleza kwa maneno machache. Alikuwa mwalimu wa hisabati, hakuhitaji mengi. Alitazama kule kwenye viti.

“Amevaa koti,” alisema.

“Nimeona.”

“Andika nimeumwa na tumbo. Nijiondoe mwenyewe.”

Gari linalojiondoa halisomwi. Alijua, na mimi nilijua. “Fomu haina nafasi ya tumbo, Madam.”

“Weka nafasi. Si wewe ndiye uliandika fomu?”

Nawaambia ukweli, nilisimama pale na kalamu mkononi na nilikuwa karibu kuandika. Sikufikiria usalama, kwa sababu gari lilikuwa limeshazimwa na hakuna ambaye angeumia. Nilifikiria mabenchi mawili ya kanisa. Nilifikiria pia, na hili sipendi kulikumbuka, kwamba sahihi yangu ilikuwa kwenye ile karatasi, na tumbo la Madam lingeificha sahihi hiyo vizuri.

Madam aliniona nikisita. “Basi kamuulize,” alisema. “Usimwamulie.”

Nilikwenda nikamwinamia Mzee Kirui sikioni. Nilimwomba aje anisaidie kuangalia kitu. Alisimama bila kuuliza, akashika kiwiko changu, tukatembea hadi kwenye gari. Watu wake walidhani anaitwa kwa heshima. Wengine walipiga makofi tena.

Alipiga magoti kwenye majani na koti lake. Aliweka kiganja juu ya nati ya kulia, akaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Akafumba macho.

“Nimeifunga kama lori,” alisema.

“Ndiyo, Mzee.”

“Na hiyo ingine?”

“Nayo.”

“Na wewe ulipitisha.”

“Nilipitisha. Niliona mstari wako mweupe, sikugonga.”

Alifuta mkono kwenye majani. “Ulikuwa unaheshimu rangi.”

Nilimwambia kwamba Madam yuko tayari kujiondoa, kwamba hakuna haja ya kusoma chochote, kwamba kesho tutabadilisha habu kimya kimya na wiki ijayo gari litakimbia. Nilisema haraka haraka. Alisikiliza hadi mwisho.

“Soma,” alisema.

“Mzee, watoto wako wako hapa.”

“Kwani wale wengine tuliwasoma hawakuwa na watoto?”

Nilimsaidia kuinuka, nikamrudisha kwenye kiti chake, na nikasikia akiwaambia binti zake kwa Kipsigis wanyamaze wasikilize. Kisha nikashika kipaza sauti. Nilisoma Kiberiti, jekundu, mali ya Madam Chelangat. Nilisoma kwamba habu za mbele zimebadilishwa pande, nati zinafunguka zenyewe. Fundi, Mzee Kirui. Halafu nikaongeza mstari ambao haukuwa kwenye fomu: mkaguzi aliyepitisha bila kugonga, Ombati.

Binti mkubwa wa Mzee alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda na siwezi kumlaumu. Kisha yule Pasta wa breki alivuka kamba akiwa na kikombe cha chai, akamwekea Mzee mkononi.

“Karibu kwa ushirika wetu, Mzee,” alisema. “Mimi nilikuwa mwenyekiti, lakini naona cheo kimepanda.”

Mzee alicheka kwa pua. Mmoja wa wakwe naye akacheka, akijaribu kujizuia. Kisha Mzee akaletewa chakula, na hakuna aliyeleta maneno tena. Lakini hakukaa hadi mwisho. Gari la tisa lilipoondoka, aliomba apelekwe nyumbani.

Jumatatu Madam alilileta Kiberiti gereji kwangu, likiwa juu ya trela ya trekta.

“Lipeleke kwa Mzee,” nilimwambia.

“Nimetoka kwake. Amesema nikuletee wewe.”

“Amesema nini hasa?”

“Amesema mikono yake imeshiba.”

Nikatia kitabu cha magari haya, kijiko na nyundo ya shaba kwenye mfuko, nikapanda kwenye trekta, nikamwambia dereva ageuze kwenda Kaplong. Madam alikaa kando yangu juu ya madigadi ya trekta.

Mzee alikuwa verandani. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba nimekwama, nahitaji mtu wa kurudisha habu na beringi pande zake, mimi nitasoma kitabu. Haikuwa kweli kwamba nimekwama na alijua. Aliacha chai iliyoletwa ipoe. Mwishowe aliuliza kitabu kinaanzaje.

Nilisoma kila hatua kwa sauti, naye akafanya. Alipofika kwenye nyuzi alinipa habu, nikatazama, nikasema kulia, akarudia, “Kulia.” Nikasema kushoto, akarudia. Hakuharakisha. Zile beringi hazijaguswa tena hadi leo.

Ilipokwisha, Madam alitoa fomu ya mashindano yaliyofuata, maana sehemu ya fundi hujazwa kabla ya kufika uwanjani. Mzee alisema haoni mstari. Niliweka kidole changu pale mstari ulipoanza, naye akatia sahihi yake kando ya ukucha wangu, polepole, jina lote. Chini yake ni nafasi ya mkaguzi. Alininyooshea kalamu, na kabla sijaishika akairudisha kifuani.

“Gonga kwanza,” alisema.

Niligonga zote nne.